Mguu wa Kuku

Nilipompigia mama simu kumwambia kwamba hatimaye nimepata mguu wa kuku, aliniuliza swali moja tu: "Mmoja? Na ule mwingine wamempa nani?"

Nilikuwa nimesimama nje ya duka la silaha jijini Nairobi, risiti mkononi, magoti yakinicheza. Sikuwa na nguvu za kumweleza mama wa miaka 81 kwamba mguu wa kuku, kwa lugha ya vijana wa mjini, ni bastola. Nikamwambia huu ni mkubwa, unatosha. Akasema basi anabandika maji. Nilifika Kianjokoma saa mbili usiku nikamkuta bado anausubiri, maji yamechemka mpaka yamebaki robo sufuria.

Mimi hununua makadamia na parachichi. Kianjokoma iko huku juu Embu, chini ya Mlima Kenya, chai inapokaribia kugusana na msitu wa Irangi, na enzi zile kabla simu haijageuka benki, mkulima hakutaka hadithi. Alitaka noti, azihesabu, atie mate kidoleni azihesabu tena. Kwa hiyo nilitembea na pesa. Nilizificha kiondoni chini ya sukuma wiki na kujiona mjanja, hadi jioni moja nikitoka Embu mjini vijana wawili waliponisimamisha, mmoja akininyooshea kitu cheusi. Walichukua pesa. Sukuma wiki waliniachia. Kesho yake kile kitu cheusi kiliokotwa mtaroni: kipande cha bomba la maji kilichozungushiwa mpira wa baiskeli.

Marehemu guka, babu yangu, nilipomsimulia alicheka hadi akakohoa. Yeye mabomba aliyajua. Wakati wa Mau Mau watu wa msituni walijiundia bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango, msumari, na mpira wa gurudumu uliovutwa ili ulirushe komeo mbele. Nyingine zilimlipukia aliyeishika badala ya aliyelengwa. "Yaani umeibiwa kwa bunduki ya zamani zetu," akasema akijipangusa machozi, "tena isiyokuwa na komeo!" Aibu hiyo ndiyo iliyonitia hamu ya bastola. Si woga. Woga ningeuvumilia.

Nililiwaza jambo hilo zaidi ya miaka 15, kwa maana bastola si kitu cha kununua kwa pupa, na kwa maana sikuwa na pesa.

Hapa Kenya bastola hainunuliwi kama jembe. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uombe cheti na utoe sababu ya maana, kisha Bodi ya Leseni za Silaha iridhike kwamba wewe ni mtu wa kuaminiwa. Tangu Desemba 2018, Waziri Fred Matiang'i alipoagiza raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya, hakuna anayeyachukulia mambo hayo kimzaha. Nami niliyachukulia kwa uzito wote, ila vidole viliniangusha. Ombi hilo huenda na cheti cha tabia njema, nacho kinataka alama za vidole, na vyangu vimechuma chai tangu nikiwa darasa la tatu. Afisa alivibingirisha kwenye wino, akaitazama karatasi, akanituma nikanawe, akavibingirisha tena. "Mzee," akasema kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya, "wewe huna alama." Kwa agizo lake nilikaa wiki mbili bila kugusa shamba, nikijipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni kama bibi harusi. Mke wangu hadi leo anaamini hayo maagizo niliyatunga mwenyewe.

Daktari wa akili, ambaye pia nilipaswa kumpitia, naye akaniuliza kama huwa nasikia sauti ya mtu asiyekuwepo. Nikasema ndiyo, ya mke wangu. Kalamu yake ikasimama. "Inakuambia nini?" "Nizime taa ya nje." Aliandika mstari mmoja mrefu ambao sikuoneshwa, lakini nilipita.

Dukani, kijana alinitolea kwanza bastola ya kisasa yenye mwili wa plastiki, nyepesi kama jagi. Mimi ni mtu wa Peugeot 504. Nikamwambia anipe chuma. Akanitandikia kitambaa na kuweka mbili juu yake. Moja ilikuwa Browning Hi-Power, ambayo John Browning, yule Mmarekani, aliianza, akafia Ubelgiji mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive akaimalizia hadi ikatoka 1935 na risasi zake 13. Niliiheshimu, lakini kitu kilichoanzwa na mtu akafa bila kukimaliza huku kwetu kinakunyima usingizi.

Ya pili ilikuwa Ceska. Mkenya yeyote asomaye magazeti analijua neno hilo. Haipiti wiki bila "bastola aina ya Ceska" kupotea, kupatikana au kunyakuliwa. Miaka yote nilidhani Ceska ni jina la jambazi fulani. Kumbe ni neno la watengenezaji wake tu, maana yake "ya Kicheki". Hii iliitwa CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, František na Josef Koucký, kwa ajili ya kiwanda cha Uherský Brod, ikaonekana mwaka 1975. František alikuwa ameshastaafu, wakamrudisha kazini. Hapo tu nikampenda. Lakini kilichonimaliza ni habari ya hataza: serikali yao iliisajili kwa siri, na siri hiyo ikawa nzito kiasi kwamba nje ya nchi haikuwa na ulinzi wowote. Waitaliano wakaiga, Waturuki wakaiga, Waisraeli wakaiga. Ni kama yule aliyefungua kibanda cha chipsi kando ya stendi yetu. Wiki ya pili vibanda vilikuwa vinne, na cha kwake ndicho kilichokosa wateja.

Ilikuwa imetumika. Rangi nyeusi ilikuwa imekwanguka nchani na kwenye kingo za mpini, na hapo chuma kiliangaza kijivu kama kisu cha cucu, nyanya yangu, kilichonolewa miaka 40. Niliiinua, baridi yake ikanipanda hadi kiwikoni.

"Ikoki, mzee."

Hapa nieleze kidogo. Bastola nyingi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kimekalia mwili kama sweta juu ya shati. Cha Ceska kimeingia ndani ya mwili, kama shati lililochomekwa, na wenye ujuzi wanasema ndiyo sababu inatulia vizuri mkononi. Sawa. Lakini kinachobaki nje cha kushikwa ni ukanda mwembamba. Nikaushika, nikavuta, na vile vidole visivyo na alama vikateleza kama kwenye sabuni. Nikajipangusa kwenye suruali, nikavuta tena huku nimeng'ata ulimi. Msichana aliyekuwa kwenye kaunta akihesabu fedha aliweka bunda chini, akaja, akaishika bastola kwa mikono miwili, na badala ya kuvuta kile kipande akasukuma mpini mbele. Klak. Akarudi kwenye bunda lake. Sidhani hata alipoteza hesabu.

Kijana alipokuwa akiandika risiti aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kianjokoma. Kalamu ikasita. Sisi wa huku tumeshakizoea hicho kimya. Tangu Agosti 2021, ndugu wawili wa hapa kwetu walipokamatwa na polisi wakati wa kafyu na kisha wakakutwa wamekufa, jina la soko letu halitamkwi Nairobi bila mtu kushusha sauti. "Pole, mzee," akasema. Nikasema ahsante. Akamaliza kuandika.

Kurudi nyumbani nilipanda matatu, bastola tupu kiunoni chini ya koti. Hicho chuma kina uzito wa kilo moja hivi kabla hujakilisha risasi hata moja. Jaribu kuchomeka pakiti ya sukari kiunoni, ukae kutoka Nairobi hadi Embu ukibanwa dirishani na mama mwenye kikapu. Kabla hatujafika Mwea akanigeukia: "Baba, toa hiyo simu yako, inanichoma mbavu."

"Si simu," nikajibu bila kufikiri.

Matatu ikanyamaza. Kondakta akanitazama kwenye kioo.

"Ni spana," nikasema.

Adhabu yake ni kwamba tangu hapo hadi Embu nilisikiliza matatizo ya tanki la maji la nyumbani kwake, na nikaahidi kwenda Jumamosi kulitazama. Stendi ya Embu nilishuka, na suruali ikanitangulia. Niliiwahi kwa viwiko, nikavuka stendi nzima nimejikunja. Kijana wa bodaboda akanionea huruma: "Mzee, tumbo? Dawa ya minyoo iko pale." Bei ya mkanda nilionunua baadaye iliniuma kuliko ya magazini ya akiba.

Kulenga shabaha nilikuwa nimefundishwa, lakini kwa bastola nyingine. Hii yangu tulijuana mwezi uliofuata, kwenye uwanja wa shabaha upande wa Kirigiti kule Kiambu, mahali Wazungu walipocheza kriketi hadi wenyeji wakaliweka jina la mchezo mdomoni mwao wakalitamka walivyoona vyema. Mkufunzi alinikanya mara tatu. Risasi ya kwanza ya Ceska, nyundo ikiwa imelala, kidole kina safari ndefu na nzito: kinaiinua nyundo, kisha kinaiachia. Baada ya hapo bastola inajirudi yenyewe na kuiacha nyundo imesimama, kwa hiyo ya pili inataka mguso tu. Nilitikisa kichwa mara zote tatu, kama mtu anayesikia.

Basi nikavuta. Nikavuta kama anayemtoa ndama zizini. Nilikuwa nimeanza kushuku kwamba imeharibika ilipolia. Na lazima nikiri, ililia vizuri. Ule uzito wote ulioniaibisha stendi unameza mshtuko, mkono ukainuka kidogo tu ukarudi mahali pake. Nikafurahi. Nikafurahi bila kukitoa kidole, na risasi ya pili ikaenda kabla sijaiagiza, ikachimba udongo hatua chache mbele yangu. Mkufunzi alingoja vumbi litue. "Mzee," akasema, "kidole kikimaliza kazi kitoke shambani."

Ya sita au ya saba, ganda la moto liliruka likaingia kwenye ukosi wa shati langu. Sheria ya uwanjani ni moja: uungue usiungue, mtutu unabaki mbele. Nikabaki nimenyoosha mikono kwa utiifu mkubwa huku sehemu zote nyingine za mwili zikicheza mwomboko. Mkufunzi aliukamata mkono wangu, akaipokea bastola, akaiondoa magazini na kuihakiki, ndipo akaniruhusu kuvua shati. Kovu lipo, chini ya kola, duara safi. Ndiyo alama pekee inayosomeka mwilini mwangu.

Nilimaliza risasi 15, tukaenda kuhesabu. Umbali ulikuwa mita kumi. Kadi yangu ilikuwa na matundu manne. Msichana wa jirani yangu, mhasibu wa mahali fulani, alikuwa amefyatua risasi kumi, na kadi yake ilikuwa na matundu 14. Aliyahesabu mara mbili, kihasibu kabisa, kisha akanitazama. Nilimwambia akae nayo yote.

Silaha lazima ifungiwe, kwa hiyo nikanunua sefu. Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote. Sefu hilo lilishushwa kwenye lori mchana kweupe, siku ya soko, likabebwa na vijana wanne kupita mbele ya kanisa, posho mill na kinyozi. Kwa miaka yote nikiwa na pesa nilionekana maskini wa kawaida. Sasa sina pesa, nimezitoa kwa sefu na kilichomo, na kabla ya jua kuchwa watu watatu walikuwa wamekuja kukopa. Mke wangu akaniuliza kama bastola hiyo inaweza kunilinda na shemeji zangu.

Msimu wa makadamia ulipofunguliwa nilijifunga mkanda wangu mpya, nikachomeka mguu wa kuku, nikavaa koti juani, nikaenda kwa mkulima wa kwanza. Tukapima gunia. Nikatia mkono mfukoni kutoa noti, naye akarudi nyuma kama niliyemtolea nyoka. "Aa-aa, baba. Na wezi hawa wa siku hizi? Tuma kwa M-Pesa." Wa pili vilevile. Wa tatu alishanitumia nambari yake asubuhi. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaza bastola, wenzangu walikuwa wakijisajili. Siku hizi natembea na kilo moja ya chuma nikilinda tarakimu nne zilizo kichwani.

Bastola imebaki nyumbani zaidi. Jumapili moja tulikuwa mezani na wageni kima walipotoka msituni wakaingia kwenye mahindi ya mama. Ule uzio wa umeme wanaouzungusha Mlima Kenya ni wa ndovu, kima hauwahusu. Mama, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaambiwa ukweli na wajukuu, akapiga kelele kutoka jikoni: "Leta huo mguu wako tuone faida yake!" Nilijua vizuri kwamba sheria hainiruhusu kumfyatulia kima hewani wala mahindini. Lakini mwanamume akiitwa, tena mbele ya wageni, hunyanyuka walau aonekane ananyanyuka. Nikaenda kwenye sefu. Ufunguo nilikuwa nimeuficha mahali ambapo mwizi hata akiwa malaika hawezi kuufikiria, na hapo mbele ya ule mlango wa chuma niligundua kwamba hata mimi siwezi.

Nilisikia vifuniko viwili vya sufuria vikigonganishwa nje. Nilipochungulia, mama alikuwa akirudi kutoka shambani akihema, kanga imeteleza kichwani, mahindi mawili yaliyoangushwa na kima yako kwapani. Aliyatia kwenye maji ya chai yaliyokuwa yakichemka jikoni.

Ufunguo ulipatikana Jumanne, kwenye debe la unga, mke wangu alipokuwa akisonga ugali.