Jinsi ya Kutengeneza Kibodi Ndogo Usiyoihitaji

Kibodi kamili ya kompyuta ina vitufe 104, na wewe umeshaona havitoshi. Unataka vingine tisa, vikae pembeni katika kisanduku chao, vifanye kazi ambayo vile vya kwanza vinaifanya tayari. Hongera. Hiyo ndiyo sifa pekee inayotakiwa kuingia katika elektroniki za nyumbani. Fizikia ya kidato cha nne itafuata yenyewe, au haitafuata.

Kabla hujanunua chochote, amua vitufe hivyo vitafanya nini. Wenzetu wa ng'ambo huviwekea kazi nyepesi: kunakili, kubandika, kuzima kipaza sauti katikati ya mkutano wa Zoom. Sisi tuna mahitaji mazito zaidi. Kitufe cha kwanza kiandike "ng'" kwa mpigo mmoja, kwa faida ya wote wanaoripoti habari za ng'ombe na ving'ora. Cha pili kiandike "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Cha tatu, "Wako katika ujenzi wa taifa." Kwa vitufe hivyo viwili, barua ya kikazi imebakiza katikati tu, na katikati huwa hapasomwi. Cha nne kiwe "Poleni sana wafiwa" na cha tano "Hongereni sana", kwa ajili ya kundi la WhatsApp la ukoo, ambako mambo hayo mawili hupishana kila juma. Vinne vilivyobaki utavipangia kazi baadaye. Usihangaike navyo, hata wakongwe wa fani hii wana vitufe wasivyokumbuka waliviwekea nini.

Sasa ingia Kariakoo, au kama uko Nairobi teremka Luthuli, ukaulize bodi. Utapewa Arduino Uno. "Hii ndiyo wanayochukua wote, bosi," muuzaji atakwambia, na hasemi uongo. Ichukue. Ukifika nyumbani utagundua kwamba chipu kuu ya Uno, ATmega328P, haijui kuzungumza USB. Kuna chipu nyingine pembeni inayoitafsiria. Kwa hiyo kompyuta haioni kibodi, inaona tundu la mawasiliano tu, na "Husika" yako haitaandikika popote bila mizunguko isiyomfaa anayeanza. Rudi dukani. Safari hii omba Pro Micro yenye ATmega32U4, au Raspberry Pi Pico, ambazo zinaongea USB zenyewe na zinaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi halali. Pico ilitoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Juu ya hizo nne weka usafiri, ushuru na tabasamu la muuzaji.

Ukiwa dukani, usinunue kebo. Ile ya simu ya zamani iliyo kwenye droo ya sebuleni itatosha, maana bodi itapata umeme. Kwamba kebo nyingi za aina hiyo ni za kuchajia tu, zina waya mbili za umeme na hazina mbili za data, ni jambo utakalolijua baada ya kulaumu bodi, kompyuta na Windows.

Pico ina pini 26 za kutumia. Swichi tisa zinahitaji pini tisa: mguu mmoja wa kila swichi kwenye pini yake, mguu wa pili kwenye waya mmoja unaokwenda ardhini, yaani pini iliyoandikwa GND. Hakuna kingine. Usifanye hivyo. Itafanya kazi jioni ileile, na mtu aliyemaliza jioni ileile hana la kusimulia.

Jenga matriki, kama ulivyoona kwenye video. Swichi zipange safu tatu na mistari mitatu, na pini sita zitatosha badala ya tisa. Umeokoa pini tatu ambazo hukuwa na kazi nazo. Kwa malipo ya uokozi huo, matriki itakuletea mzimu: ukibonyeza pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, umeme utapita njia za nyuma na kompyuta itaona na cha nne, ambacho hukukigusa. Dawa yake ni daiodi moja kwa kila swichi, ile ndogo ya kioo iitwayo 1N4148, inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ina mstari mweusi mwishoni, na mistari yote tisa lazima ielekee upande mmoja. Geuza moja tu, na kitufe chake kitanyamaza huku ukikagua programu yako usiku kucha. Daiodi hizi ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti na zinapenda kudondoka. Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame walikuwa wanazungumza na wewe.

Kulehemu kunahitaji kukaa nako kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hujiona wameshajua. Utaweka chuma kwenye nyuzi 350 hivi. Waya wa risasi wa asilimia 60 ya bati na 40 ya risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo joto unalo la kutosha na la kubaki. Mwanafunzi wa kweli huchota risasi kwa ncha ya chuma kisha huipaka kwenye kiungo kama siagi kwenye mkate. Inapendeza kwa mbali: kidonge cha mviringo, rangi ya kijivu iliyofifia, ambacho hakijashika chochote. Fundi wa redio wa mtaani kwako akikuona atashindwa kuvumilia. "Mdogo wangu, pasha moto mguu wa swichi na waya, usipashe risasi. Hesabu mbili, tatu, ndipo uiguse risasi palepale kwenye kiungo. Itakimbilia yenyewe." Mwambie asante, kaka, utalifanyia kazi. Washa pangaboi moja kwa moja juu ya meza, kwa ajili ya kupoza ncha. Na ukimaliza kushika risasi, ambayo ni sumu, nenda ukale ugali bila kunawa, kama unataka kufika mwisho kabla ya mwongozo huu.

Jambo moja ambalo michoro haikuambii: waya unaziunga kwa chini, na kisanduku kikigeuzwa, kushoto huwa kulia. Wengi hukumbuka hili baada ya kiungo cha mwisho.

Kisanduku mpe seremala. Swichi za muundo wa Cherry MX zinataka tundu la mraba la milimita 14 kwa 14, umbali wa milimita 19.05 kutoka kiini cha moja hadi kiini cha nyingine, kwenye bamba la unene wa milimita 1.5 ili vijino vya pembeni ving'ang'anie. Seremala atasoma karatasi yako, atavua penseli sikioni na kuuliza: "Kumi na nne na kumi na tano si ileile?" Usibishane na mtu mwenye msumeno. Atakukatia kwenye plaiwudi ya milimita sita, ambayo kijino cha swichi hakiwezi hata kuionja, na utamalizia kwa gundi. Wenye rafiki mwenye printa ya 3D hawahitaji ushauri wangu. Wao wana tatizo la kumshukuru rafiki.

Upande wa programu ni mwepesi mno, ndiyo maana unatisha. Shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka Pico, na kompyuta itaiona kama diski iitwayo RPI-RP2. Iburutie faili la CircuitPython, na diski itajiwasha upya kwa jina la CIRCUITPY. Humo weka maktaba ya kibodi na faili la code.py lenye maagizo yako. Kumbuka tu kwamba pini hizi husema kinyume: kwa mpangilio wa kawaida, kitufe kikiwa huru husoma moja, kikibonyezwa husoma sifuri. Usipolizingatia hilo, kibodi yako itaanza kuandika pale utakapoiacha ipumzike.

Na kompyuta haiulizi kibodi kitambulisho wala nywila. Kilichojitambulisha kama kibodi kinaaminiwa papo hapo. Kwa hiyo ukikosea kidogo katika kitanzi cha programu, "Husika na kichwa cha habari hapo juu" itajiandika bila kikomo, tena itajiandika ndani ya faili lilelile unalojaribu kulirekebisha. Wenye busara huweka sharti mwanzoni: kitufe fulani kikiwa kimeshikiliwa wakati wa kuwasha, kibodi isiandike kitu. Wengine hung'oa kebo na kuomba Mungu.

Kuna pia suala la vyuma vya swichi, ambavyo havigusani mara moja vikatulia. Hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kushikana. Programu isiposubiri kidogo, milisekunde tano au zaidi, mpigo mmoja huwa mitatu. "Poleni sana wafiwa" mara tatu bado ni utu. Hatari ni kofia za vitufe. Zile za kisasa hazina maandishi, kwa sababu za urembo, na "Poleni" imekaa jirani na "Hongereni". Ukiongeza na ule ugeuzi wa kushoto na kulia, shangazi yako atapokea pongezi siku ya msiba, naye hatataka kusikia habari za matriki.

Ukiulizwa faida, toa hesabu. Tuseme kazi yote imekula saa 40. Tuseme pia kila mpigo unakuokolea sekunde mbili, nawe unabonyeza mara 20 kwa siku. Muda wako utarudi baada ya siku 3,600, karibu miaka kumi. Usitishike: swichi za aina hii hutangazwa kuhimili mipigo milioni 50, na kwa mwendo wako zitakuwa kazini kwa zaidi ya miaka 6,000. Seremala ndiye wa kumtilia shaka.

Ikiwa yote haya ni mengi, tengeneza ya vitufe vitatu. Waya nne zinatosha, daiodi hazihitajiki, na soko lipo. Aprili 1, 2021, tovuti ya Stack Overflow, ambako waandishi wa programu huenda kunakili majibu, iliwatania wageni wake kwamba wamemaliza idadi ya kunakili bure na sasa wanunue kibodi ya vitufe vitatu: nembo ya tovuti, C na V. Watu waliitaka kweli. Septemba ya mwaka uleule kibodi hiyo ilianza kuuzwa, kwa dola 29.