Mwanafunzi Ndiye Mwalimu Mkuu

Nchini Tanzania, mtu asiyesoma shuleni anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeishia darasa la saba huanza na Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, ambao ni wa kiwango cha kidato cha pili. Akifaulu ndipo hujisajili kwa ule mkubwa, kwenye kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani. Hadi hapo mambo ni mepesi. Kasheshe iko nyumbani.

Kwanza ni ratiba. Huchorwa kwa rula na kalamu za rangi, hubandikwa ukutani, nayo humtaka mhusika aamke saa kumi alfajiri kusoma Hisabati. Ikidumu wiki imejitahidi. Mwanafunzi huyu ndiye mwalimu mkuu wake mwenyewe, na hajawahi kutokea mwalimu mkuu mwepesi wa kutoa ruhusa kiasi hicho.

Halafu kuna jamaa. Kwao, kusoma ni kuvaa sare na kuondoka asubuhi. Aliyebaki sebuleni na kitabu "amekaa tu". Basi ndiye wa kwenda mashineni na debe la mahindi, ndiye wa kumsubiri fundi bomba, na mtoto wa jirani akilia ndiye wa kumbembeleza.

Lugha nayo ina yake. Masomo mengi ya sekondari ni kwa Kiingereza, wakati shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja wa Baiolojia humaliza jioni nzima: kamusi inafunguliwa, neno linapatikana, na maelezo yake yana maneno mengine mawili ya kutafuta.

Ila uhondo wenyewe uko kwenye kujisahihishia pasti pepa. Jibu la kitabu ni -3, la mtahiniwa ni 3. Msahihishaji anatafakari, anaona kwamba alijua ila kalamu iliteleza, anaweka vema. Swali lililorukwa linahesabiwa kuwa "hili halitoki". Kwa usahihishaji huu kila mtu ana A, na ndiyo sababu wajanja humpa mtu mwingine kalamu nyekundu, au hujiunga na twisheni ya jioni.

Baraza halina huruma hiyo. Daraja hupatikana kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni 5, na daraja la kwanza huishia pointi 17. Namba za watahiniwa hawa huanza na P, za wanafunzi wa shule huanza na S; kwa hiyo matokeo yakitoka, shangazi hupekua orodha za shule za wilaya nzima, hamwoni, kisha hupiga simu kutoa pole.