Yah: Pongezi kwa Tiba ya Viboko 4

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wazazi wa Kata ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, tunaipongeza Wizara yako kwa kupata tiba ya mtoto anayeogopa shule. Madaktari wa hospitali ya akili ya Mirembe, hapo hapo Dodoma ulipo, bado wanahangaika kumuuliza mgonjwa analala vipi, anakula vipi. Anasa hizo. Kwetu mtoto ambaye kila Jumatatu tumbo linamkata, aliyeacha kuongea tangu mama yake afariki, anayetetemeka akiliona geti, daftarini ana jina moja tu: mtoro.

Na dawa yake ina maelekezo kamili. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinataka fimbo iwe nyepesi, inayopinda, itue mkononi au matakoni juu ya nguo. Dozi isizidi viboko 4. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na kila dozi iandikwe kitabuni. Serikali imefikiria mpaka uzito wa fimbo! Huzuni ya mtoto haikupata bahati hiyo. Imekabidhiwa mwalimu wa ushauri nasaha, mwenye vipindi vyake vya Hisabati, lundo la madaftari ya kusahihisha, na mara nyingine zamu ya kushika fimbo hiyohiyo. Hatujui mtoto amwendee lini, kabla ya kuchapwa au baada.

Asipopona, ipo tiba ya pili. Siku 90 mfululizo haonekani, jina linafutwa, asilimia ya mahudhurio inapanda. Naye wala hapotei, mabasi ya Geita yapo. Kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu hakuna anayemwita mtoro: anabeba mawe hadi kwenye karasha, anachezea zebaki kwa mikono mitupu, usiku analala turubaini na hofu yake ileile. Huku nyumbani wajomba wanasema amerogwa, atafutiwe mfumu, yaani mganga. Tusimcheke mfumu, yeye angalau humuuliza mtu anaota nini.

Hatusemi hamjafanya kitu. Novemba 2021 mliruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi darasani. Tunashukuru kwa dhati. Ila anayerudi anakikuta kilichomkimbiza kimeegemezwa palepale pembeni ya ubao.

Ombi letu, Mheshimiwa: kila shule ipate mwalimu mmoja wa ushauri nasaha aliyepunguziwa vipindi na asiyeruhusiwa kugusa fimbo. Kama hilo litasubiri bajeti, hili halihitaji hata shilingi: kabla ya kiboko cha kwanza, na kabla jina halijafutwa, mtoto aulizwe kwa nini haji shule, na jibu lake liandikwe kwenye kitabu hichohicho cha adhabu. Wakaguzi wenu wakifika Kambarage, waanze kusoma hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wazazi, Kambarage, Shinyanga.