Zamu ya Nani?

Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mtumba kama viatu vya Mtaa wa Kongo. Watu wawili, usukani mmoja, maelfu ya kilomita za vumbi na tope.

Sisi tulikuwa wanne, Noah moja, lami kutoka Dar hadi Mbeya. Tukagawana kiungwana: kila mtu kilomita 200. Bingwa wetu, yule anayewafundisha madereva wote akiwa kiti cha nyuma, akadai zamu ya kwanza. Tukaanzia Msimbazi, asubuhi. Mbele yetu mkokoteni wa viazi umekaa mshazari, kulia bodaboda, kushoto mama na beseni la ndizi, na kuli anapiga bodi kwa kiganja: “Bosi, rudi nyuma kidogo!” Kufika Fire, hapohapo jirani, bingwa katangaza amechoka. Eti zamu ihesabiwe kwa saa.

Madereva wa daladala walilimaliza suala la zamu zamani, bila kikao: mchana unamwachia gari deiwaka, dereva wa kushikiza, unakwenda kula, hesabu ya tajiri iko palepale.

Baada ya Chalinze, barabara ilipofunguka, kila mtu alikumbuka kwamba ana leseni. Milima ya Kitonga tuliifikia usiku. Usingizi uliwashika watatu kwa pamoja. Niliendesha mimi. Nyuma walikoroma, ila bingwa jicho moja lilikuwa wazi, likikagua mshale wa mafuta ambayo hakuyachangia.