Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Muhuri

Karakana ya Chini ya Mwarobaini,
Mwenge, Dar es Salaam.

Mheshimiwa Muhuri,
Meza ya Utumishi,
Popote ulipo.

YAH: BINTI ALIYEJIFUNZA KAZI BILA IDHINI YAKO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika nikiwa nimesimama, maana kiti cha hapa kimekaliwa na mota ya mteja.

Vyuo vikifunga, vijana wa uhandisi hutawanyika mjini kutafuta pa kufanyia field. Wiki 8, logibuku ya kujaza kila siku, na mwishoni wewe, Mheshimiwa, unatua chini ya ukurasa kwa kishindo. Mwaka jana binti mmoja wa uhandisi mitambo alizunguka Chang'ombe yote na Barabara ya Nyerere akiwa na bahasha yake ya kaki. Alitaka kujifunza kubuni mashine za viwandani. Kwingi aliambiwa nafasi zimejaa. Palipokuwa na nafasi, mashine zimetoka nje na karatasi ya dhamana inayokataza hata kugusa kifuniko. Moja ikikohoa, anapandishwa ndege fundi wa huko ilikotoka, na mwanafunzi kazi yake ni kumwonyesha choo kilipo.

Akaishia kwangu. Nilimwonya mapema kwamba hapa kuna grenda, mashine ya kuchomelea na mzee mkorofi, ila wewe hupo. Akasema, "Shikamoo fundi, tuanze tu."

Mteja wa Kibaigwa alikuwa ameagiza mashine ya kupukuchua mahindi. Injinia (ndivyo vijana wangu walivyombatiza, mwanzoni kwa utani) akafungua kompyuta, akachora, akapiga hesabu, na kompyuta ikamjibu kwamba shafti iwe ya milimita 27.3. Nikampa hela nikamtuma Gerezani akainunue. Alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi kashika ya 30. Sikumsema, wauza vyuma walishamsema vya kutosha. Usiku ule akagundua mwenyewe kwamba shafti ikinenepa, beringi inabadilika, na nyumba ya beringi, na fremu inayoibeba. Mchoro mzima ukafumuka kama mkeka.

Mota yenyewe ilikuwa ya mizunguko 1,440 kwa dakika. Kwa kasi hiyo punje zinatoka zimepasuka, na mahindi yaliyopasuka hayana rafiki sokoni. Akafunga puli ya inchi 4 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye shafti, kasi ikashuka hadi 720, ukiacha mkanda unaoteleza kidogo. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Shughuli ilikuwa kwenye kikinga mkanda. Alikichora kizuri mno, kikachomelewa pande zote. Nikamwuliza: "Mkanda ukikatika Kibaigwa msimu umepamba moto, utafunguliwa na nani, kwa spana ipi?" Akanyamaza. Kisha akachukua grenda, akakata alichokichomelea mwenyewe, akaweka bawaba na nati mbili za spana namba 13, kwa sababu spana hiyo kila fundi anayo.

Mwenzake alipata field kwenye kiwanda kikubwa, ambacho jina lake nalimeza kwa adabu. Alitoa kopi, akapokea wageni, akapeleka chai. Logibuku yake umeipamba kila ukurasa, duara la zambarau, hata kingo hazijafifia. Akafaulu. Ya binti ikarudishwa na maneno matatu: "Hakuna muhuri halali." Michoro ilikuwamo. Picha ya mashine ilikuwamo. Namba ya simu ya mteja ilikuwamo pia, na mteja anasema hajapigiwa.

Usinione mshamba, Mheshimiwa. Cheti ninacho. Serikali ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa sisi tuliojifunzia mtaani. VETA wanakupima, ukifaulu wanakupa. Changu kinasema najua kazi. Hakisemi kama nina ruhusa ya kumtambua mwingine anayeijua. Ukisema nisajili biashara, leseni inadai TIN, TIN inadai mkataba wa pango, na pango langu ni mti uliosimama kwenye hifadhi ya barabara.

Na nchi hii haikuanza jana kuziwaza mashine. SIDO wa viwanda vidogo ni ya mwaka 1973. TEMDO wa Arusha, waliopewa kazi hiihii ya kubuni mitambo, ni ya 1980. CAMARTEC wa zana za kilimo, 1981. Moshi tulijengewa hadi kiwanda cha kutengeneza mashine za kutengenezea mashine, kwa msaada wa Wabulgaria. Kote huko upo. Ila nafasi ni za kuhesabika, na nauli ya Arusha haitoki kwenye logibuku.

Juzi nilikwenda kukuulizia stationari, hapo karibu na mataa. Kijana akaniambia, "Mzee wangu, saa moja tu unao. Nitajie jina la kampuni." Hakuniuliza naweza nini. Nikakugeuzageuza: kipande cha mpira, gundi, kishikio cha plastiki. Nikauliza mashine iliyokutengeneza imetoka wapi. Nje. Nikapita kwa wachongaji wa vinyago. Mmakonde mmoja akasema angeweza kukuchonga kwa mpingo, ila hajawahi kupata oda ya mungu mdogo kiasi hicho.

Binti ameambiwa arudie field. Mwaka huu kapata ofisi yenye kiyoyozi, anapanga mafaili, na wewe unamtembelea kila Ijumaa. Mashine ya kwanza iko Kibaigwa inafanya kazi. Ya pili, aliyoichora upya kabla hajaondoka, ipo hapa inasubiri rangi.

Ombi langu ni moja. Msimamizi wa chuo aje Mwenge, siku yoyote yenye umeme. Wewe akuache mezani. Aje na gunia la mahindi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Mkuu (cheo nimejipa)

Nakala: Pedi ya Wino – kwa taarifa.