Mhusika, Mpendwa na Oya

Asikudanganye mtu kwamba kuandika ni kazi ya kivulini. Nimeitwa Katoro kunyoosha lugha ya mwongozo wa usalama wa wachimbaji wadogo. Nauli yangu. Chai yangu. Malipo, wakaniambia, mpaka kamati ikae. Tangu lini kamati ikasimama?

Na dhahabu yenyewe siijui. Kwetu Shinyanga vijijini ni pamba na mpunga. Dhahabu naionaga masikioni kwa wake za watu. Nikasoma "matimba yakaguliwe kila asubuhi," nikauliza huyo Matimba anacheza namba ngapi. Kumbe ni magogo yanayoshika kuta za duara, shimo la mgodi, zisikuporomokee. Walicheka mpaka mama ntilie akaja kuuliza kulikoni. Akaelezwa. Akacheka kuliko wote, na chenji yangu akasahau.

Basi mwongozo wenyewe umeandikwa na kundi, kila mtu kipande chake. Utangulizi ni wa ofisa: Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, hivyo "mhusika anatakiwa kupunguza matumizi ya zebaki." Minamata ni mji wa Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza, watoto wakazaliwa na vilema. Habari ya kukutoa jasho, ila ofisa kaipanga kama tangazo la zabuni! Funua ukurasa, unakutana na mwalimu mstaafu: "Mpendwa mchimbaji, je, wajua kuwa mvuke wa zebaki hauonekani?" Funua tena, fundi wa mwaloni, wanakosafishia dhahabu: "Oya, usichomee zebaki ndani, utaua familia."

Kwenye ritoti ndo balaa. Ofisa anaiita "kifaa cha kunasa mvuke chenye mfumo wa upozaji." Fundi kaandika: kopo la chuma lina bomba, mvuke unapita humo, unapoa, zebaki inadondoka kwenye maji, kesho unaitumia tena, hela imebaki mfukoni. Hata mimi nilielewa. Na mimi kuelewa kitu siyo kazi ndogo.

Nikaamua wote waseme "wewe." Ofisa akang'aka: mheshimiwa akiusoma, utamwita "wewe"? Nikaweka "mchimbaji." Fundi akaniuliza kama naongea na mtu au na sanamu. Nikajaribu "tuchomee nje." Mwanasheria wao akavua miwani. "Tu, na nani? Mimi sichomi." Nikanywa maji.

Wakanipeleka mwaloni nikaupime kwa wasomaji. Makarasha ya kusagia mawe yanaunguruma, vumbi mpaka kwenye meno. Nikampa kijana mmoja karatasi. Akasoma kwa sauti, taratibu.

"Mwandishi, mhusika ndo bosi wa duara?"

"Hapana, ni wewe."

"Na mpendwa?"

"Wewe."

"Na huyu oya?"

"Wewe pia."

"Tuko watatu, mbona nalipwa mmoja?"

Sikuwa na jibu. Pembeni kuna mwenzake kaweka kidonge chake cha dhahabu na zebaki kwenye chepe, anakichoma. Mimi nimesimama kama mkaguzi, karatasi mkononi, upepo unanipiga usoni. Kijana akapiga kelele: "Oya mzee, unavuta sumu, hama huko!"

Niliruka. Kiatu kimoja kikabaki kwenye matope ya marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha oshwa, kipo mpaka leo. Sikuuliza mhusika ni nani.

Usiku nikauandika wote upya kwa mdomo wa fundi, toka utangulizi mpaka mwisho, hata Minamata. "Mhusika" nikamfuta kila mahali. Kamati imepokea. Bado haijakaa.

Sasa wewe unayesoma gazeti la bure hapo kioskini, kama una ndugu machimboni Nyarugusu au Rwamgasa mpigie simu leo. Mwambie achomee nje, upepo uwe mgongoni, watoto wakae mbali, na kama ana ritoti aitumie. Akiulizia mwongozo, mwambie utakuja.