Nakala kwa Ovari Zote Nchini

Kwa Wizara yenye dhamana ya afya.

Uzazi wa mpango nchini Tanzania hutangazwa kwa kibali na hunyamazishwa kwa barua. Septemba 9, 2018, huko Meatu, Simiyu, Rais John Magufuli alisema haoni sababu ya kudhibiti uzazi. Mwezi haukuisha, Wizara ikaagiza matangazo ya redio na runinga yasitishwe mara moja, hadi itakapoelekezwa vinginevyo. Agizo lilikuwa fasaha. Kasoro yake ni ya kimasjala tu: ovari hazikuwekwa kwenye orodha ya nakala.

Kwa unyenyekevu mkubwa, inaombwa dosari hiyo irekebishwe. Kila ovari ifunguliwe jalada lenye kumbukumbu namba na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Redio ikizimwa, ovari iletewe dokezo, isaini dispachi kuwa imepokea, na isimamishe kazi. Yai litakalochomoka bila kibali lipewe siku 14 za kujieleza kwa maandishi, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Mbegu za kiume zijaze fomu ya likizo bila malipo. Shughuli zirejee baada ya maudhui kupitiwa upya, kikao kukaa, posho kulipwa na mgeni rasmi kupatikana.

Yapo na madogo. Karatasi iliyomo kwenye pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango, ile ya Kiingereza chenye herufi kama sisimizi, ije na lenzi na mkalimani. Vidonge saba vya kahawia vya safu ya mwisho ni vya madini ya chuma tu. Asiyeelezwa huvitupa, kisha hukosea siku ya kuanza pakiti mpya. Uvumi kwamba kitanzi hupanda hadi moyoni ukatiwe leseni, maana wenyewe haujawahi kusitishwa.

Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulishaonyesha kuwa asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Hao ndio waliozimiwa redio. Na mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, hadi Novemba 2021 aliporuhusiwa kurudi. Kumnyima mtoto maelezo, kisha kumwadhibu kwa kutojua, ni ukatili, hata ukipigwa mhuri wa serikali.

Lugha hiyo iwiwe radhi.

Utafiti kama huo wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa rika hilo. Wizara inaombwa iwafikishie wasichana hao maelezo kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na isiyazime tena.